Maswali ya biashara: Soko la korosho haliko ukurasa wa kwanza wa Google

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: taarifa za soko, za kampuni na za ushuru zipo mtandaoni, lakini ukizisaka kwa Google unaambulia matangazo. Tumechagua sita.

Ndugu Mhariri, salaam. Tuna kikundi cha kubangua korosho. Nikiandika "wanunuzi wa korosho", iwe kwa Kiswahili au Kiingereza, naletewa madalali na kurasa za miaka sita iliyopita. Nasikia kuna mitambo maalumu ya kutafutia taarifa za biashara. Ni ipi, na inatumiwaje? — Mbanguaji, Masasi

Salaam, ndugu yetu. Google husoma kurasa. Takwimu za forodha hazikai kwenye kurasa, zimo ndani ya kanzidata, na jedwali huundwa pale tu mtu anapojaza fomu na kubofya. Ndiyo maana hazitokei hata ubadilishe maneno mara ishirini. Mitambo unayoisikia ni kanzidata ambazo watu wamezikusanya, wakazichuja na kuzipanga kama maktaba, na humo bidhaa huitwa kwa namba. Ukiingia na jina tu, utapotea humo pia.

Namba ya bidhaa ni msimbo wa HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na kutumika tangu 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile katika nchi zote zinazoutumia. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza mbili, zinakuwa nane. Korosho yenye ganda ni 080131. Iliyobanguliwa ni 080132. Tarakimu moja tu, lakini ndipo wengi wanapoangukia: ukiuliza waagizaji wakubwa wa 080131 utapewa Vietnam na India, ambao wananunua ghafi ili wabangue wenyewe. Kwako hao ni washindani. Wateja wako wamo kwenye 080132, na huko utakutana na Marekani, Ujerumani na Uholanzi. Uholanzi nayo isome kwa uangalifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo unaoshukia Rotterdam husafirishwa tena kwenda nchi jirani.

Mtambo wa kuanzia ni Trade Map wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, kilichoko Geneva. Jisajili kwa barua pepe, kisha kwenye ukurasa wa kwanza chagua "Imports", andika 080132 kwenye kisanduku cha bidhaa, acha nchi zote, na ufungue mfululizo wa miaka. Juu ya jedwali kuna sehemu ya kubadili kipimo: thamani, kiasi, au thamani ya kila kizio. Thamani imeandikwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo 4,200 ni dola milioni 4.2. Tuseme nchi fulani inaonyesha 4,200 na tani 700. Gawanya: dola 6,000 kwa tani, yaani dola 6 kwa kilo. Wanunuzi wa korosho husema bei kwa paundi, basi zidisha kwa 0.4536: dola 2.72 kwa paundi. Sasa mna namba mnayoweza kuiweka mezani mbele ya mnunuzi.

Msiikumbatie lakini kabla ya kuikagua. Kwanza, takwimu za uagizaji kwa kawaida ni CIF, zina nauli na bima ndani yake, wakati za usafirishaji ni FOB, bei ya mzigo ukiwa umepakiwa bandarini. Msishangae Tanzania ikisema iliuza kwa kiasi kimoja na Ujerumani ikasema ilinunua kwa kiasi kikubwa zaidi. Pili, msimbo huo unachanganya korosho nzima na zilizovunjika. Daraja la W320 ni punje nzima zisizozidi 320 kwa paundi, na bei yake iko juu ya wastani wa jedwali. Vipande viko chini sana. Tatu, nchi ambayo haijatuma takwimu zake huonyeshwa kwa namba za wenzake walioagiza kutoka kwake. Trade Map inaziweka alama, na mwaka wa karibuni ndio wenye alama nyingi. Tumieni wastani wa miaka mitatu.

Kuna kosa la nne, la nyumbani. Bei ya mnada wa stakabadhi ghalani ni ya ghafi. Gunia la kilo 80 lenye ubora wa paundi 48, yaani paundi za korosho safi zinazotoka kwenye gunia, linatoa kilo 21.8 hivi, na hapo bado hujaondoa zitakazovunjika mikononi mwa wabanguaji. Anayelinganisha bei ya mnada na bei ya Trade Map bila kupitia hesabu hiyo ataona faida isiyokuwepo.

Trade Map imekupa nchi. Majina ya wanunuzi hutafutwa kwingine, na hapa tunapendelea njia ambayo wengi wanaipuuza: orodha za waonyeshaji wa maonyesho makubwa ya chakula. Anuga hufanyika Cologne miaka isiyogawanyika kwa mbili, SIAL hufanyika Paris miaka inayogawanyika, na Gulfood huko Dubai kila mwaka. Tovuti zao zina kitafutio kinachochuja kwa aina ya bidhaa. Kampuni iliyolipia kibanda cha njugu na matunda makavu angalau imeonyesha kwamba biashara hiyo ni yake. Baraza la Kimataifa la Njugu na Matunda Makavu, INC, lenye makao Reus nchini Hispania, nalo lina wanachama wa biashara hii. Na kituo cha CBI cha Uholanzi hutoa bure ripoti za soko la Ulaya, zikiwamo za korosho, kwa ajili ya wauzaji wa nchi zetu. Humo mna masharti ya wanunuzi, vipimo na vyeti wanavyodai.

Kwa Marekani, fungua EDGAR, kanzidata ya ripoti za makampuni ya tume ya masoko ya mitaji, SEC. Kitafutio chake cha maandishi yote kinakwenda nyuma hadi 2001. Andika "cashew", chuja kwa fomu 10-K ambayo ni ripoti ya mwaka, na usome sehemu za mwanzo. Kampuni ya John B. Sanfilippo & Son ya Elgin, Illinois, kwa mfano, ni ya njugu hasa, na ripoti zake zinaeleza malighafi inatoka nchi zipi na hatari gani zinawanyima usingizi. Kwa kampuni iliyoko kwenye soko la hisa huko, kudanganya ndani ya ripoti hiyo ni kosa la jinai. Hakuna tangazo la dalali lenye uzito huo.

Neno la mwisho kuhusu ukubwa. Korosho safi hufungwa katoni za paundi 50, kilo 22.68, na kontena la futi 20 hubeba katoni 700 hivi, karibu tani 16. Kikundi kisichoweza kujaza hilo kitafute mnunuzi wa rejareja au mchanganyaji wa hapa Afrika Mashariki.

Mhariri, hujambo. Kampuni moja ya London imetuandikia ikitaka kontena la parachichi, malipo siku 30 baada ya mzigo kufika. Barua ina nembo na namba ya usajili. Tutajuaje kama ipo? — Katibu wa chama cha wakulima, Murang'a

Hatujambo, Katibu. Kuwepo kwa kampuni ni swali moja, uwezo wake wa kulipa ni la pili, na kama aliyewaandikia ni mtu wa kampuni hiyo ni la tatu. Yote matatu yana pa kuulizia.

Nenda kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa makampuni wa Uingereza. Ni bure na haidai akaunti. Ingiza namba ya usajili yenye tarakimu nane badala ya jina, sababu majina yanayofanana ni mengi mno. Ukurasa wa kwanza unakupa tarehe ya kusajiliwa, hali yake na msimbo wa shughuli. Kampuni ya jumla ya matunda na mboga ingepaswa kuwa na 46310. Ukikuta ni ya ushauri wa kompyuta iliyosajiliwa miezi minne iliyopita, kahawa yako inywe taratibu.

Kisha fungua "Filing history". Hapo ndipo penye nyama. Tazameni hesabu za mwisho: "dormant" maana yake haikufanya biashara yoyote mwaka huo, na kampuni iliyolala hainunui makontena. "Micro-entity" ni kampuni ndogo mno, nayo inaruhusiwa kutoonyesha faida na hasara, ila mizania ipo. Linganisheni mali halisi na thamani ya mzigo wenu. Mwenye mali ya pauni 900 hawezi kudaiwa kontena. Angalieni pia kama kuna pendekezo la kuifuta, kama wakurugenzi wamebadilika wote kwa siku moja, na kama jina limebadilishwa karibuni. Kichupo cha "Charges" kinaonyesha kama mali zake zimewekwa rehani benki. Ikifilisika, benki iko mbele yenu kwenye foleni. Notisi za ufilisi hutangazwa kwenye London Gazette, ambayo nayo ina kitafutio.

Jueni mpaka wa rejista hiyo. Kabla ya tarehe 4 Machi 2024 msajili hakuwa na mamlaka makubwa ya kuhoji alichoandikiwa. Aliyeandika anwani ya uongo aliandikishwa nayo. Kuthibitisha utambulisho wa wakurugenzi kumekuwa lazima kuanzia Novemba 2025. Kwa hiyo rekodi ya zamani inaeleza kilichotamkwa, ambacho huenda hakikukaguliwa na yeyote.

Sasa swali la tatu, na ndilo linalowaliza wakulima. Tapeli mzoefu habuni kampuni, huazima iliyo safi: jina la kweli, namba ya kweli, hesabu nzuri, ila barua pepe ni yake. Chukueni sehemu iliyo baada ya alama ya @ muichunguze kwenye lookup.icann.org, ambako mtaona tarehe ambayo jina hilo la tovuti lilisajiliwa. Kampuni ya 1998 yenye tovuti ya wiki tatu haipatani. Majina yanayoishia na .co.uk yatafutwe kwa Nominet, msimamizi wa majina hayo. Halafu pigeni simu kwa namba mliyoipata nje ya barua hiyo, muulize kama aliyewaandikia anafanya kazi pale.

Nchi nyingine, kwa haraka. Ujerumani: Handelsregister, rejista ya makampuni, bure tangu Agosti 2022, mnahitaji namba ya usajili, HRB, na jina la mahakama iliyosajili. Ufaransa: namba ya kampuni, SIREN, tarakimu tisa. Umoja wa Ulaya wote: namba ya kodi ya VAT inathibitishwa kwenye VIES, mtambo wa Umoja huo. Dubai ina ugumu wake, maana kampuni za maeneo huru husajiliwa na mamlaka ya eneo husika; ulizeni kwanza leseni imetolewa na nani. OpenCorporates inakusanya rejista za nchi nyingi mahali pamoja na inafaa pale msipojua kampuni ni ya wapi, lakini rekodi yake inaweza kuchelewa, hivyo maliza kwenye rejista yenyewe. Na kampuni ya Kenya mnayoitilia shaka? Ombeni CR12 yake kupitia eCitizen, iwaonyeshe wakurugenzi na wenye hisa.

Hata rejista ikiwa safi, siku 30 baada ya mzigo kufika kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni mkopo bila dhamana. Parachichi haingojei mahakama.

Assalaam alaykum. Natafuta takwimu za karafuu na mwani kwa miaka ishirini. Kabla ya 2012 jedwali linaonyesha sifuri. Zanzibar haikuuza karafuu? — Mwanafunzi, Unguja

Wa alaykum salaam. Iliuza. Kilichobadilika ni msimbo. HS hupitiwa upya kila miaka mitano au sita, na katika toleo la 2012 karafuu, ambayo ilikuwa 090700 peke yake, iligawanywa kuwa 090710 ya nzima na 090720 ya iliyosagwa. Uliza kwa tarakimu nne, 0907, mfululizo utaungana.

Kwa mwani dawa hiyo haifai. Kabla ya 2012 ulikuwa 121220. Baada yake ni 121221 wa kuliwa na binadamu na 121229 mwingineo. Ukipanda hadi 1212 utabeba na miwa humo humo. Pakua yote matatu kwenye Excel, ujumlishe mawili ya baadaye, uunganishe na la zamani. Na kumbuka kwamba jedwali linasema Tanzania. Zanzibar peke yake utaipata kwa ofisi ya takwimu ya huko.

Ofisini tunatafuta kila siku kanuni, ushuru na zabuni kwenye tovuti zilezile kumi na tano. Je, tunaweza kutengeneza kitafutio chetu kinachopekua hizo tu? — Afisa biashara, Dodoma

Mnaweza, na ni kazi ya nusu saa. Google ina huduma inayoitwa Programmable Search Engine. Ingia kwa akaunti ya ofisi, si ya mtu binafsi, maana afisa akihama anaondoka nayo. Bofya kuongeza kitafutio kipya, kipe jina, chagua kutafuta kwenye tovuti mahususi, kisha ingiza anwani moja moja: mamlaka ya mapato, shirika la viwango, wakala wa usajili wa biashara BRELA, ofisi ya takwimu, Benki Kuu, wizara yenu, sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukimaliza unapewa kiungo cha wazi ambacho kila mmoja anaweza kukihifadhi kwenye kivinjari.

Jinsi unavyoandika anwani ndiyo siri. Ukiweka ukurasa wa mwanzo kama ukurasa mmoja, kitapekua ukurasa huo tu, na mtalalamika kwamba hakioni kitu. Anwani ifuatiwe na alama ya mkwaju na nyota, yaani /*, ili ichukue kila kilicho chini yake. Kosa la pili ni ulafi: mkijaza magazeti na blogu ndani, mmerudi mlikotoka. Vyombo vya habari wekeni kitafutio cha pili.

Mipaka yake ni ya Google yenyewe. Tangazo la PDF lililopigwa picha kwa skana huenda maneno yake yasisomeke kabisa. Kilichomo ndani ya mifumo kama NeST ya zabuni au usajili wa BRELA hakitaonekana, lazima muingie humo wenyewe. Wekeni viungo vyake pembeni.

Kwa utafutaji wa siku moja hamhitaji kujenga chochote. Andika *site:go.tz filetype:pdf "ushuru wa mazao"* na Google itabaki ndani ya tovuti za serikali, kwenye PDF, ikiwa na maneno hayo kwa mpangilio huo. Badilisha go.tz kuwa go.ke, go.ug au gov.rw kwa majirani. Pasiwe na nafasi baada ya nukta mbili. Hilo huvunja amri. Ongeza *after:2023* kukata vya zamani. Rudia kwa lugha zote mbili, kwa kuwa tangazo la halmashauri huandikwa Kiswahili na kanuni za forodha Kiingereza. Neno moja la lugha moja linakupa nusu ya kabati. Waraka uliofutwa kwenye tovuti jaribu web.archive.org.

Tahadhari kwa ushuru: mafaili ya kabla ya Julai 2022 bado yanazagaa na yanatokea juu. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo Ushuru wa Pamoja wa Forodha una viwango vinne, 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Kitabu kisicho na 35 kimepitwa. Na kila nchi huomba nafuu yake ya mwaka, inayotangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya, hivyo kitabu peke yake hakitoshi.

Nataka mashine ya kukamua alizeti kutoka China. Muuzaji ana alama ya dhahabu kwenye soko la mtandaoni. Inatosha? — Fundi, Singida

Haitoshi. Alama za namna hiyo kwa kawaida ni uanachama wa kulipia. Vivyo hivyo orodha kama Kompass, Europages na Thomasnet ni nzuri kwa kujua nani yuko, lakini nafasi ya juu inaweza kuwa imenunuliwa.

Omba picha ya leseni yake ya biashara. Ina msimbo wa herufi na tarakimu 18, jina la Kichina, mtaji, na wigo wa shughuli. Jina la Kiingereza halina uzito kisheria huko, basi usitafute kwa hilo. Nakili msimbo kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za makampuni, gsxt.gov.cn, ukigoma kufunguka, mwombe wakala aliyeko China. Kwenye wigo wa shughuli tafuta 生产 au 制造, yaani kuzalisha. Ukikuta 销售 tu, kuuza, huyo ni dalali. Dalali si mwizi, lakini siku boksi la gia likipasuka hana stoo ya vipuri. Mwisho, jina la akaunti ya benki lifanane na la leseni. Akaunti ya mtu binafsi, kataa.

Siku hizi si nauliza tu akili mnemba inanijibu yote? — Msomaji, Kampala

Itumie kupata maneno: bidhaa yako inaitwaje kwa Kiingereza cha forodha, nchi fulani ina rejista ipi. Kwa hilo inasaidia. Ukiiuliza msimbo wa HS inaweza kukupa tarakimu sita zilizonyooka na zisizo sahihi, kwa lugha tamu ileile. Mbaazi kavu ni 071360; toleo la kabla ya 2012 halikuwa na namba hiyo, na maandishi ya zamani yanayoziweka mbaazi kwenye kapu la "nyinginezo" bado yapo mtandaoni yakisomwa na mashine. Kila namba inayokupa ifungue kwenye kitabu cha ushuru, Sura ya 7 kwa kunde na mboga, Sura ya 8 kwa matunda na njugu, Sura ya 9 kwa kahawa, chai na viungo, usome maneno yaliyo mbele yake kabla hujaiandika kwenye hati ya forodha.